Nakala Zako za Bluu

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa waya, na ninaandika kwa kalamu yako. Ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Mlango wa mbele nimeuacha wazi kidogo ili nione barabara mpaka kule kwenye ukumbi. Bado hawajafika. Walisema watakuja kabla ya saa sita, kwa hivyo nina muda wa kukueleza, na nitakueleza yote, hata yale yatakayokuuma. Ungekuwa hai ningeogopa. Sasa utafanya nini, unikatize?

Nisamehe. Unaujua mdomo wangu.

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike kule nyumbani, kando ya mama yako ambaye mimi nina jina lake. Hapa Kaloleni hakuna anayeniita "mama" tena. Ni wewe peke yako uliyekuwa ukiniita hivyo, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili. "Mama, niletee miwani." "Mama, chai imepoa." Wageni walidhani umechanganyikiwa. Mke wako amebaki shambani. Anasema kila pembe ya nyumba hii ina kikohozi chako na hawezi kulala humu. Nimebaki mimi, cherehani yangu, na redio yako ambayo bado haishiki ila stesheni moja.

Ubao wako wa drafti uko pale pale kwenye benchi la nje, vizibo vya soda vikiwa vimepangwa kama ulivyoviacha. Hakuna aliyevigusa. Wewe na Baba Habiba mlikuwa hamjamaliza kubishana juu ya mchezo ule, eti nani alimla nani kwanza, halafu ukaingia ndani kulala mchana na hukuamka. Watoto wa safu yetu wanazunguka mbali na lile benchi bila kuambiwa na mtu.

Sasa nikueleze kuhusu muhuri.

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi kama wewe akifa, vitu vya kazi vinarudishwa kwa chifu: kitabu, muhuri, na kile kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mimi nilirudisha kitambulisho tu. Kitabu na muhuri nilivificha kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa ya Krismasi. Nilijiambia ni kumbukumbu. Ukweli ni kwamba nilijua watu wa vyumba vya nyuma, majirani zetu Wasomali, watazihitaji barua zako, na kwamba mwenyekiti mpya, yeyote atakayekuwa, hatawaandikia.

Wewe unaikumbuka siku barua hizo zilipoanza, lakini acha niikumbuke kwa upande wangu. Baba Habiba alirudi kutoka kituo cha polisi akishika suruali kwa mkono mmoja. Mkanda walikuwa wameuchukua, na viatu havikuwa na kamba. Walimkamata akitoka kwenye duka lake la vitambaa kule Eastleigh, kitambulisho kikiwa mfukoni, wakakitazama na kumwambia hicho ni cha kununua. Mtu aliyezaliwa Nairobi hii hii kabla ya hao askari wenyewe kuzaliwa! Uliinuka ukaiacha chai yako. Ukakaa kwenye kiti hiki, ukachukua karatasi ya mistari, ukaweka kaboni chini yake, ukaandika: "Mimi, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, namfahamu mwenye barua hii. Ni mkazi wa hapa, ni mtu mwema, na mimi ndiye mdhamini wake." Muhuri. Sahihi yako yenye mkia mrefu. Barua ukampa yeye. Karatasi ya chini, ile yenye maandishi ya bluu yaliyopauka, ukaitia kwenye faili ya kaki.

Miaka thelathini katika ofisi ya reli ilikuwa imekufundisha swali moja tu. "Nakala iko wapi?" Ulituuliza hata tulipokuandikia orodha ya sokoni.

Na kila mwisho wa mwezi ulivaa koti lako la kijivu lililopigwa pasi, ukazipeleka nakala kituoni mwenyewe zikiwa ndani ya faili hiyo, ukawakabidhi kwenye kaunta. "Wakitilia shaka, walinganishe," ulisema. Hata mimi niliona ni busara. Baadaye zikaja familia nyingine tatu za Kisomali zilizopanga vyumba vya nyuma, nazo ukaziandikia. Ukaongeza maelezo ili barua ziwe na uzito: chumba cha ngapi, mlango wa rangi gani, wako wangapi, wanafanya kazi gani, wanarudi saa ngapi jioni. Kila baada ya miezi mitatu zinaandikwa upya. Hakuna mwingine katika safu yetu aliyewahi kuja kuomba barua. Mama Otis hakuja. Mwalimu wa ng'ambo ya njia hakuja. Wewe mwenyewe hukujiandikia, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Wewe uliwapenda askari wa kituo chetu, Baba, nao walikupenda. Walikuita mzee, walikupa benchi la ndani, walikuuliza habari za kifua chako. Wakija hapa walisimama mlangoni na kuita. "Askari wetu wanapiga hodi," ulikuwa ukiwaambia watu kwenye baraza, kifua mbele. "Nani ameona askari wa kupiga hodi?" Watu walicheka na kupiga makofi. Mama Habiba alikuwa anakaa mstari wa pili na mtandio wake wa kahawia, na sikumbuki kumwona akipiga makofi.

Unamkumbuka yule msichana wa utafiti aliyekuja na kishikwambi? Alikaa hapa hapa. Akasoma swali lake: unaridhika kiasi gani na polisi wa eneo lako, moja ni hapana kabisa, tano ni sana. Hukumwacha amalize. "Tano!" Ukamweleza sababu mpaka chai yake ikashika utando. Akakuuliza kabila, ukamwambia, akabonyeza. Kisha akamgeukia Mama Habiba, ambaye alikuwa ameleta sambusa na hakujua kuna maswali. Mama Habiba alitazama kile kishikwambi, akakutazama wewe, akasema, "Tano." Ukapiga goti lako kwa kiganja. "Unaona sasa!" Yule msichana akamuuliza kabila, akabonyeza, akaenda zake. Kwenye hesabu zake nyumba zetu mbili zinaridhika sawasawa.

Wiki mbili baada ya mazishi, Habiba alikuja. Unamjua, mrefu vile, anasomea uuguzi ng'ambo ya mji na anapita barabara zote hizo kila siku kwenda na kurudi. Barua yake ilikuwa imepitwa na muda. Alisimama mlangoni akizungusha ncha ya mtandio, hawezi kusema kilichomleta, maana ni aibu kumwendea mfiwa kwa kazi ya marehemu. Nikamwambia, "Wewe ingia, usinisimamie hapo kama mgeni." Nikachukua karatasi na kaboni. Nikaandika kwa mwandiko wako, si wewe uliyenifundisha kuandika? Nikapiga muhuri. Nikatia sahihi yako na mkia wake. Halafu kwa mazoea tu nikaweka tarehe ya siku hiyo.

Na mwisho wa mwezi, Baba, nikaipeleka nakala kituoni. Hakuna aliyenituma. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaikabidhi kwenye kaunta kama ulivyokuwa ukifanya, nikarudi nyumbani nikijiona nimekutendea mema. Barua ya maiti, nimeipeleka kwa polisi kwa mkono wangu mwenyewe. Cheka. Nakuruhusu ucheke, kwa sababu baada ya hapa hakuna cha kuchekesha.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nashona kola za sare za shule. "Hodi wenyewe! Mulembe!" Alikuwa yule koplo wa kituoni mwenye pengo, Mluhya mwenzetu, akiita kwa salamu ya kwetu; nyuma yake askari wengine watano. Alinipa pole vizuri kabisa. Akaomba maji ya kunywa, nikampa kwenye glasi ya wageni. Kwapani alikuwa na faili yako ya kaki. Nilifurahi, unajua? Nilidhani wameirudisha kama kumbukumbu. Akaifungua, akalamba kidole, akageuza kurasa, akaniuliza kama chumba cha Baba Habiba ndicho kile chenye mlango wa kijani. Akaniinamishia karatasi nione. Mwandiko wako, wa bluu. Mlango wa kijani. Watu wanne. Muuza vitambaa. Hurudi saa kumi na mbili na nusu, lakini Jumanne hafungui duka mchana.

Nikasema ndiyo. Mdomo wangu, ule usionyamaza, ulisema ndiyo.

Kule nyuma hawakupiga hodi. Walipiga milango kwa rungu. Walikwenda milango minne, kwa mpangilio wa nakala zako, na hawakugusa mlango mwingine wowote katika safu nzima. Mama Otis alikuwa amesimama kando ya ile sufuria yake ambayo mtaa mzima unajua ni pombe gani inayopikwa humo, na wakampita wakimsalimu. Baba Habiba alitoka na barua yako mkononi, ameiinua juu kama mtoto anayeonyesha kazi yake kwa mwalimu. Koplo akaichukua. Akatoa nakala. Akazilinganisha, taratibu, mstari kwa mstari, kama vile ulivyotaka walinganishe. Kisha akawaambia wenzake, "Ndiye huyu."

Waliwachukua watatu: Baba Habiba, shemeji yake, na yule fundi wa simu wa chumba cha mwisho, mpole yule, aliyekutengenezea redio. Walipokuwa wakiondoka koplo alirudi kunirudishia glasi. "Wewe usiwe na wasiwasi, dada. Nyinyi hatuna shida na nyinyi."

Niliondoka na Mama Habiba kwenda kituoni siku hiyo hiyo. Tuliingia pamoja, bega kwa bega. Mimi nikaambiwa, "Karibu dada yetu, kaa hapa," na benchi likapanguswa. Yeye akaambiwa asimame nje mpaka aitwe. Nikafungua mdomo, na wakati huo nikaletewa chai ya maziwa kwenye kikombe. Nikainywa, Baba. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama juani kando ya pikipiki zilizokamatwa, na sikukimaliza wala sikukirudisha, nilikishika tu mpaka kikapoa.

Koplo akakaa mbele yangu. Akasema mkuu wa kituo anaipenda kazi yako sana. Hakuna mwenyekiti mwingine Eastlands nzima, alisema, aliyewarahisishia kazi kama wewe. Wakipewa amri ya kusaka Wasomali mtaani, mitaa mingine wanahangaika, hapa kwetu wanafungua faili tu. Aliyasema hayo kama mtu anayekusifu kwenye mazishi. Kisha akasema wanataka niendelee: kitabu kipya, kiwe na maelezo zaidi. Nani anamtembelea nani kule nyuma, na saa ngapi. Atakuja kukichukua Ijumaa ya wiki inayofuata.

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, si mwenyekiti. Hakubisha. Alivuta karatasi moja kutoka chini ya faili, akaiweka mezani, akaigeuza inielekee. Ilikuwa nakala ya Habiba. "Na hii tarehe, dada. Marehemu aliandika akiwa wapi?" Alitabasamu mpaka pengo likaonekana. Akasema yeye si mtu mbaya, sisi ni watu wa nyumbani. Kitabu kikija, karatasi hiyo itapotea yenyewe. Kisipokuja, itabidi amtafute huyo msichana anayetembea na barua ghushi, na wamuulize vizuri.

Wamuulize vizuri. Ndivyo alivyosema.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na ukumbi nikashindwa kuzuia, nikamuuliza Mama Habiba kwa nini siku ile alimwambia yule msichana wa utafiti tano. Hakukasirika. Alisema, "Ningesema nini, Nekesa? Nimekaa kwa baba yako, nakula naye, barua yake iko ndani ya pochi yangu. Na yule msichana alikuwa anaandika." Kisha akasema jambo ambalo sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo. Alisema alijua. Tangu mwaka wa kwanza alimwambia mumewe kwamba nakala zinakwenda mahali pabaya, na mumewe akamjibu kwamba huwezi kumwambia mtu kama Mzee kuwa mkono wake wa msaada unakuumiza. Angevunjika moyo. Walikuwa wanakuonea huruma, Baba. Walibeba hatari ile miaka yote ili wewe usione haya.

Nilikukasirikia. Niliingia humu nikaupiga teke mguu wa kiti hiki, ule wa waya. Mtu mwenye akili, aliyesoma magazeti mpaka kwenye matangazo ya vifo, huwezi kujiuliza polisi wanazifanyia nini karatasi zako? Hukuwahi hata siku moja kumuuliza rafiki yako, kizibo mkononi, "Wewe wanakupigia hodi?" Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia sikuuliza. Nililia mpaka Mama Otis akaja kuniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Waliachiliwa siku ya tatu, Baba Habiba na shemeji yake, bila mashtaka, bila maelezo. Duka hajafungua. Anakaa ndani na pazia limeshushwa. Yule fundi wa simu hajarudi. Kituoni wanasema hawamjui, jina lake halimo kwenye kitabu chao. Mke wake amezunguka vituo vingine, amezunguka hospitali, na juzi nilimwona anaanika nguo za mumewe kwenye kamba kana kwamba atazihitaji kesho. Jina lake wanasema halipo popote. Lipo kwenye nakala yako. Na tangu wiki jana kuna gari jeupe linaegeshwa kando ya ukumbi kila mchana, madirisha yamefungwa. Hakuna anayeshuka wala anayepanda. Wanawake wameanza kuanua nguo mapema.

Jumatano nilifikiri nimepata dawa. Niliamua kitabu alichokitaka koplo nikijaze barua ya kila nyumba. Zote. Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Wasomali, mlango hadi mlango, ili faili yao ikijaa isiweze kumtenga yeyote. Nikaanza na Mama Otis. Aliweka mikono kiunoni. "Ai! Mimi niandikwe barua? Kwani mimi ni Msomali? Polisi wakinitaka wanajua kwangu." Mwalimu wa ng'ambo alinisikiliza kwa adabu, akasema yeye na polisi wako sawa, nisimharibie. Alisema, "Sisi hapa askari wanapiga hodi." Yalikuwa maneno yako, sauti yako, hata kile kifua mbele. Nyumba ya tatu walifunga mlango nikiwa katikati ya sentensi.

Jioni Mama Otis alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimesahau, na labda yeye pia alikuwa amejisahaulisha: Otis wake askari walimvunja meno mawili mwaka jana pale uwanjani, kwa kosa la kuvaa kofia na kukimbia. Alisema, "Andika yangu. Andika na ya Otis." Otis mwenyewe alikuwa nyuma yake akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mathe, wacha tuwachanganye hao makarao." Ndivyo vijana wanavyowaita askari. Baada yao wakaja wengine, mmoja mmoja, wengine shingo upande. Nikapata nyumba tisa.

Nikaenda kwa Mama Habiba nikiwa na kitabu kifuani, nikidhani atanikumbatia. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema hapana. Jina lake na la watoto wake lisiingie tena kwenye kitabu chochote, hata kiwe kinaandikwa na malaika. Nikamwelewa. Ilinichoma lakini nikamwelewa. Nikamwambia basi nitakuandikia wewe barua, nikueleze yote. Hapo Baba Habiba akaongea kutoka nyuma ya pazia, sauti yake imekauka, neno la kwanza nililomsikia akisema tangu arudi. "Ukimwandikia umwambie ule mchezo alishinda yeye."

Nimekufikishia. Ulishinda wewe.

Basi kitabu kipo hapa mezani, tayari. Ukurasa wa kwanza ni wangu. Nimeandika kwamba barua ya Habiba niliiandika mimi baada ya baba yangu kufa, kwamba sahihi si yake, kwamba msichana hana kosa. Nimeweka jina langu kamili na chumba ninacholala. Kurasa zinazofuata ni zile nyumba tisa. Msomali hamna hata mmoja. Koplo atafungua, atalamba kidole, na atakuta watu ambao polisi hawana shida nao. Muhuri wako nimeukata kwa wembe vipande vidogo. Ulikuwa mgumu, ulinichubua kidole gumba. Barua ya Habiba aliileta jana, tukaichoma kwenye jiko, na leo ameondoka saa kumi na mbili asubuhi bila karatasi yoyote isipokuwa kitambulisho chake. Alipita mlangoni. "Shangazi, nimeenda." Saa mbili alituma ujumbe kwamba amefika. Kurudi ndiko sijui.

Naogopa, Baba. Sitakudanganya kwamba nina moyo wa chuma. Mwandiko umeacha kufanana na wako, na labda ni vizuri.

Jana usiku sikulala, nilikuwa nikitunga barua moja zaidi kichwani, na asubuhi nikaiandika na kumpelekea Mama Habiba. Ni fupi. "Mimi, Nekesa, namfahamu marehemu. Alikuwa mkazi wa hapa, alikuwa mtu mwema, na mimi ndiye mdhamini wake." Aliisoma mara mbili. Aliikunja akaitia kwenye pochi yake, pale barua yako ilipokuwa ikikaa.

Sasa gari jeupe limefika kwenye ukumbi. Leo watu wanashuka. Namwona koplo. Hajaja na faili, amekuja na watu wengi zaidi ya siku ile. Mama Otis amesimama kando ya sufuria yake, amenipungia mkono mara moja, akaushusha.

Nimeinuka nikauingiza ndani ubao wa drafti, vizibo na vyote, kisha nikafunga mlango na komeo. Nataka nisikie watakavyobisha.

Kwaheri, Baba. Lala, na usiamke kwa ajili ya haya. Nakuahidi mambo mawili. Hakuna jina la jirani litakalotoka tena kwenye nyumba hii kwenda kituoni bila mwenyewe kutaka. Na yule fundi wa simu nitamtafuta, wakiniacha nitamtafuta, na wasiponiacha nitaanza kumuulizia kule kule watakakonipeleka, kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye kiti hiki. Barua hii naitia chini ya ubao wa drafti. Najua utauliza nakala iko wapi. Haina nakala. Ni yako peke yako.

Wamefika kwenye ngazi. Nasikia viatu.

Ni rungu, Baba. Hawakupiga hodi.

Mama yako,
Nekesa